Daraja Linakuja, Mashamba Yetu Yawe na Hati

Maelezo ya Kamati Tendaji kwa wanachama na wageni, kabla ya harambee ya mwaka

 

Ratiba imetupa dakika ishirini kabla ya harambee, na tutazitumia zote, kwa sababu jambo tunaloliomba mwaka huu si la kawaida yetu. Miaka iliyopita tukisimama hapa tulikuwa na picha mkononi: darasa lisilo na bati, watoto wamekaa sakafuni, chumba cha kujifungulia kisicho na kitanda. Mtu akiiona picha ile, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Mwaka huu hatuna picha ya kuwaonyesha. Tunaomba fedha za kupima mipaka, za kuandaa mipango ya ardhi ya vijiji, na za hati. Kwa lugha ya barazani, tunaomba fedha za makaratasi. Tunajua tayari wapo waliokunja uso, na hao ndio tunaotaka kuzungumza nao zaidi.

Tuanze na daraja, maana ndilo lililoleta haya yote.

Hakuna mtu wa kwetu asiye na historia yake na pantoni. Mgonjwa yuko Bweni, hospitali iko ng'ambo, usiku umeshaingia. Maharusi wamefika ukingoni, maji yamekupwa, pantoni imesimama. Mfanyabiashara wa nazi amepakia lori tangu alfajiri na jua linamkuta bado kwenye foleni. Sasa Serikali inajenga daraja la mita 525 kuvuka mto wetu, na daraja hilo ni sehemu ya barabara ya kilomita 256 itakayotoka Bagamoyo, ipite Makurunge na Saadani, ifike Pangani na kuendelea hadi Tanga. Anayetoka Dar es Salaam hatalazimika tena kuzunguka Chalinze na Segera ndipo aitafute Pangani. Atafuata pwani moja kwa moja. Wazee waliokuwa wakituambia tangu tukiwa wadogo kwamba ipo siku mtavuka kwa miguu, wengi wao hawakujaliwa kuiona siku hiyo. Mungu awarehemu.

Tunalifurahia daraja hili bila kigugumizi. Lakini wanapangani tuna sababu ya kuiangalia miundombinu mikubwa kwa macho mawili, kwa sababu tuna kumbukumbu. Katika karne ya 19 mji wetu ulikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka kutoka Usambara na Kilimanjaro ikaishia kwetu, na majahazi yalijaa mdomoni mwa mto. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli, lakini hawakuianzia Pangani, wakaianzia Tanga. Mizigo ikafuata reli. Pangani ikabaki na nyumba nzuri za mawe na biashara ya wenyeji kwa wenyeji.

Mwaka huohuo wa 1893 kuna jambo jingine lililotokea, nalo lilitokea kwetu hasa. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikasafirishwa kwa kupitia Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, upande wa kusini wa mto. Mkonge wote uliokuja kuitajirisha Tanganyika ulianzia na ile miche 62 iliyopandwa kwenye udongo wetu. Shuleni tulifundishwa habari hiyo kama sifa, na sifa ni yetu kweli. Ila katika somo lile hatukuulizwa ardhi ya mashamba yale makubwa ilikuwa ya nani kabla ya mkonge. Mwaka 1895 ikatoka amri ya serikali ya Kijerumani kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Mzungu au mfanyabiashara alithibitisha umiliki wake kwa hati. Mwenyeji alitakiwa athibitishe kwa kuonekana yuko pale, analima, anaishi. Shamba lililopumzishwa, msitu wa kuokotea kuni na eneo la kuchungia vikahesabiwa havina mwenyewe.

Tumeyasema haya kwa sababu ukiangalia kinachotokea leo kando ya barabara mpya utaona swali ni lilelile: karatasi iko wapi?

Tangu habari za daraja zianze kuwa za uhakika, madalali hawalali. Kuanzia Bweni kwenda Ushongo, Mwera, Kipumbwi hadi Mkwaja, mtu akiwa na shamba linaloonja bahari anapigiwa simu. Na simu hizo haziishii kijijini. Sisi tulioko Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na kwingineko tunapigiwa pia. Dalali mjanja anaanza kwa mtoto aliyeko mjini, akimaliza anakwenda kwa mzee na kumwambia, "Mwanao ameshakubali, umebaki wewe tu." Kwa mtoto alikuwa amesema, "Mzee ameshakubali, tunasubiri wewe." Ndugu zangu, mkipigiwa simu ya namna hiyo, kateni, kisha mpigieni mzee nyinyi wenyewe.

Sasa mauzo yenyewe yakoje? Karatasi inachanwa kwenye daftari la shule. Anaandikwa muuzaji, mnunuzi, mashahidi wawili, na mipaka: kaskazini mnazi wa fulani, kusini mkorosho, mashariki bahari. Mnazi ukianguka, mpaka nao umeanguka. Hakuna ramani wala namba, na mara nyingi Halmashauri ya Kijiji haina habari. Mwaka mmoja baadaye anajitokeza mtu wa pili mwenye karatasi ya daftari jingine, ya shamba lilelile. Hapo ndipo kesi zinapoanza, na kesi ya ardhi kwetu hula muda, nauli na udugu.

Kwa sisi watu wa pwani kuna tatizo la ziada, na tunaomba tulikalie kidogo kwa sababu wapimaji wanaotoka sehemu nyingine za nchi huwa hawalielewi haraka. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyoubeba ikawa na mwenyewe mwingine. Babu alimruhusu jirani apande minazi. Jirani akafa, minazi ikarithiwa na watoto wake, nao hadi leo wanaangua nazi pale bila ugomvi na mtu. Halafu kuna shamba la urithi. Marehemu ameacha watoto tisa kwa mama wawili. Fungu la kila mmoja linajulikana kwa maneno, lakini shamba halijawahi kugawanywa. Nazi zikiuzwa, mgao unafanyika. Mipopoo ya kando ya mto iko hivyohivyo. Utaratibu huu umetulea na hatuuoni kuwa wa hovyo. Ulifanya kazi vizuri wakati kilichokuwa kikiuzwa ni nazi. Haufanyi kazi siku kinachouzwa ni ardhi yenyewe, kwa sababu ndugu mmoja kati ya tisa anaweza kusimama mbele ya mnunuzi akasema "hili ni langu", na hakuna karatasi ya kumsuta.

Na wanaoumia kwanza ni dada zetu. Wana mafungu yao kwa mujibu wa mirathi, lakini wameolewa, wako kwa waume zao, na siku ya mauzo hawaitwi. Wapo wajane wanaoishi kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa na hawajaambiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini sheria iliyoko Dodoma haimsaidii mama wa Mikinguni ikiwa jina lake halimo kwenye karatasi yoyote.

Karatasi tunayoizungumzia ipo, na si sisi tulioibuni. Inatokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Inaitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Jina "kimila" linawafanya wengine waione duni, kana kwamba ni hati ya daraja la pili. Si hivyo. Sheria inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati ya mjini. Inaweza kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, mume na mke, au ndugu wa familia moja kwa pamoja. Maneno hayo ya mwisho tunaomba myashike: ndugu wa familia moja kwa pamoja. Shamba la urithi la watu tisa linaweza kubaki la watu tisa, majina yao yote yakiwa yameandikwa, na asiwepo wa kuliuza peke yake.

Lakini hati haiji hewani. Kijiji lazima kwanza kijulikane mipaka yake na vijiji jirani, kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji. Kisha, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, kijiji kinakaa na wataalamu wa wilaya na kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu, hapa diko la wavuvi, hapa makaburi. Mpango unapelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano una haki ya kuukataa. Baada ya hapo ndipo kila shamba linapimwa, majirani wakiwepo, kila mmoja amesimama kwenye mpaka wake na kusaini. Kijiji lazima kiwe na masjala ya ardhi, yaani chumba imara chenye kabati linalofungwa, ambamo daftari na nakala za hati zitakaa. Penye ubishi, Baraza la Ardhi la Kijiji linasuluhisha; lina wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake.

Mkiangalia orodha hiyo mtaona fedha zinakwendaje. Wataalamu wa wilaya wapo na wana nia, lakini wanahitaji mafuta ya gari, na kusini mwa mto wakati wa masika gari halifiki kila mahali. Wanahitaji vifaa vya kupimia, posho ya kukaa kijijini siku nyingi, karatasi, mihuri. Masjala inahitaji mlango wa chuma na kabati. Halmashauri ya Wilaya ina mambo mengi kwenye bajeti yake, na hili limekuwa likisogezwa mbele mwaka hadi mwaka. Chama chetu kinapendekeza kibebe sehemu hiyo kijiji kwa kijiji, kikianzia na vile vilivyoko kando ya barabara mpya na bahari, ambako moto unawaka. Vya ndani vitafuata. Wanaotoka Madanga na Mkalamo msikasirike. Hamjasahauliwa, ila kwenu dalali hajafika kwa kasi ileile.

Kwa walioko ndani ya mji wenyewe, Pangani Mashariki na Magharibi, njia yenu ni ya hati za mjini na haimo katika mchango wa leo.

Tuseme na bahari kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Mita hizo 60 kwetu si mapambo. Ndimo wavuvi wanamotia mitumbwi, ndimo mama zetu wanamoanika dagaa, ndimo watoto wanamopita kwenda kutafuta pweza maji yakikupwa. Ukuta ukijengwa hadi majini, diko limekufa, na diko likifa kijiji cha wavuvi kinabaki jina. Mpango wa kijiji uliopitishwa na mkutano ukiandika "hili ni diko, hii ni njia ya kwenda pwani", Mwenyekiti wa kijiji anakuwa na kitu cha kushika mkononi anapozungumza na mwenye ukuta. Bila mpango anakuwa na mdomo tu.

Na anayenunua shamba linaloonja bahari naye aambiwe ukweli, maana bahari yetu haikutulia mahali pamoja. Kisiwa cha Maziwe kiliwahi kuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga chini yake. Miti imekwisha. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakikupwa na kumezwa maji yakijaa, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara, Ushongo, yasije yakafa maji. Mtoni nako maji ya chumvi yamepanda kuliko wazee walivyoyazoea, kwa sababu maji baridi yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru yanatumiwa na wengi kabla hayajatufikia. Visima vilivyokuwa vitamu sasa vina magadi. Kijiji kinachopanga ardhi yake lazima kijue mapema chanzo kipi cha maji kinalindwa na makazi yanarudi nyuma kuelekea wapi. Haya nayo yanaingia kwenye ramani ileile.

Sasa tujibu yale tuliyoyasikia kwenye vikao vya matawi.

La kwanza: "Watoto wanakaa chini, nyinyi mnazungumzia hati." Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Madawati hayajaachwa. Fedha zilizobaki za mwaka jana zinaendelea na kazi yake, na taarifa ya Mweka Hazina iko katika kijitabu hiki, isomeni. Ila darasa likikosa bati mwaka huu, linaweza kuezekwa mwaka ujao. Shamba likishauzwa mwaka huu, mwaka ujao hakuna cha kuezeka. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya kamati ibadili mpangilio.

La pili: "Mkitupa hati, benki zitachukua mashamba." Hati haimlazimishi mtu kukopa. Anayetaka kukopa akope kwa hesabu zake, na familia ikiwa na hati ya pamoja, hakuna mmoja anayeweza kuiweka rehani bila wenzake.

La tatu lilisemwa na vijana, tena kwa hasira: kwamba tunataka kuwazuia wasiuze, wakati wao wanahitaji mtaji wa boti na bodaboda. Kijana, hatukuzuii. Shamba lenye hati na vipimo lina bei nyingine kabisa na lile la "kaskazini mnazi wa fulani", na mnunuzi anajua hivyo kuliko wewe. Ndiyo maana ana haraka. Wapo pia watakaoona ni heri kukodisha kuliko kuuza, na mkataba wa kukodisha hauandikwi kwenye daftari. Kwa mtaji wa vikundi, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri ipo kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katibu wetu ameahidi kuwasaidia wanaotaka kuandika maombi. Mtafuteni, msimwonee haya.

La nne lilihusu barabara yenyewe na alama za X. Tulieleze kwa ufupi, maana limezua maneno mengi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi akiwa ameifuata barabara huwekewa X nyekundu, naye halipwi. Aliyefuatwa na barabara huwekewa X ya kijani, na ana haki ya fidia: thamani ya ardhi, ya nyumba na mazao, pamoja na posho za usumbufu na usafiri. Siku ya tathmini, mwenye mali awepo mwenyewe au amtume mtu anayemwamini, asome fomu kabla ya kusaini, na abaki na nakala. Mnazi unahesabiwa mmoja mmoja. Msikubali kuandikiwa "minazi kadhaa".

Wazee waliotoka nyumbani wametuomba tuseme na hili: kazi ya kutembea mipaka haiwezi kufanywa na wapimaji peke yao. Anayejua kwamba ule mkwaju ndio mpaka wa mwaka aliozaliwa ni mzee wa miaka themanini, na tunao wachache. Kila mwaka tunaochelewa tunazika mashahidi. Kwa hiyo, mbali na fedha, tunaomba kila familia yenye shamba la urithi ifanye kikao kabla ya Ramadhani: muandike majina ya warithi wote, wakiwemo dada na walioko nje ya nchi, na mumtembeze mzee kwenye mipaka huku kijana akiandika na kupiga picha kwa simu. Kazi hiyo haina gharama, na itawapunguzia wapimaji siku nyingi.

Kuhusu mchango. Kadi za ahadi ziko kwenye bahasha ndani ya kijitabu chako. Unaweza kutoa leo au kwa awamu, na unaweza kuandika kijiji unachotaka fedha yako ianzie; kamati itaheshimu hilo kadiri hesabu itakavyoruhusu. Fedha zitapelekwa kwenye akaunti ya chama na kulipwa hatua kwa hatua: mipaka ya kijiji ikikamilika ndipo inalipwa ya mpango, mpango ukipita kwenye Mkutano Mkuu ndipo inalipwa ya masjala na upimaji. Mihtasari ya mikutano hiyo ya vijiji tutaiomba, na tutaichapisha katika kijitabu cha mwakani, hata kama kijiji kimoja kitakuwa kimekataa mpango.

Wenyeviti wa matawi wakae meza ya mbele, upande wa kushoto, wapokee kadi. Akina mama wa Tawi la Temeke wana tende na kahawa pale mlangoni kwa wanaosubiri. Mzee wetu kutoka Kipumbwi atafungua harambee kwa dua, kisha tunaanza na wageni waalikwa.